Mstari wa 1996

Umefutwa tena!

Latifa alipiga meza kwa kiganja. Watu waliokuwa wakisoma barua zao kwenye kompyuta za jirani wakageuka kumtazama.

"Shafii, nani ananichezea hapa?"

Shafii, binamu yake na mwenye kafe ile ya intaneti pale Magomeni, mjini Mtwara, aliangalia pembeni. "Ensaiklopidia ya wote hiyo, dada. Anayetaka anaandika, anayetaka anafuta."

"Uhuni huo! Na kibodi yako imejaa madoa meusi. Ifute hiyo basi, kama kufuta ndiyo kazi yenu."

Tangu likizo ianze, mwalimu huyu kijana alikuwa akiipanga kwenye ensaiklopidia hiyo historia ya Namkuwi, kijiji chao cha karibu na mdomo wa Ruvuma, mwaka kwa mwaka. Historia yenyewe ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. 1911, Mjerumani anapita. 1958, msikiti unajengwa. 1974, kijiji cha ujamaa. Halafu kimya, utadhani watu wote walikwenda kulala. Latifa aliongeza mstari mmoja tu: *1996, wanawake wa Namkuwi wanalizuia katapila la mwekezaji lisibomoe makaburi.* Huo ndio uliokuwa ukifutwa kila akiuweka. Mjerumani wa kupita njia, wala hakuna aliyemgusa!

Baba yake Latifa amelala kwenye makaburi yale. Mwaka ule Latifa alikuwa mtoto, ameachwa nyumbani kulea wadogo. Alisikia muungurumo, akasikia vigelegele, kisha muungurumo ukakoma. Aliyewaongoza wanawake alikuwa mama yake mwenyewe, Mwaisha, mbangua korosho. Lakini ukimuuliza walifanyaje, jibu lake ni lilelile: "Shule ya bweni ilikuwahi, hukuchezwa unyago. Hayo ya wakubwa."

Latifa akauandika mstari wake upya. Pembeni akamwachia mfutaji ujumbe: *Mama yangu hafutwi na mtu.*

Kesho yake mstari haukuwepo. Mfutaji naye alikuwa ameacha neno moja: *acha*.

"Niache? Mimi?" Latifa alicheka kwa hasira. "Kanikuta!"

Alimjua wa kumshuku. Nani mwingine, kama si Mzee Hemedi, mwenyekiti wa zamani wa Namkuwi, aliyempokea mwekezaji yule kwa ngoma na pilau? Siku hizi anakaa Shangani, hapohapo mjini, na wanawe wana kompyuta. Latifa alimkuta barazani.

"Shikamoo, mzee. Utaifuta aibu yako mpaka lini?"

"Marahaba. Nifute mimi?" Alipoelezwa, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi naomba uongeze! Siku ile wake zetu walitufungia ndani wanaume wote. Dereva wa katapila alikimbia, akaacha na viatu. Mpaka leo sijui aliona nini. Mbane mama yako akwambie, uandike yote. Huyu mwekezaji mpya atafurahi sana kuyasoma."

"Mwekezaji gani mpya?"

"Hujasikia? Wa mabwawa ya kufugia kamba. Kijana hodari, anasoma kila kitu. Katapila lake linafika Namkuwi, palepale makaburini, kesho asubuhi."

Latifa hakuaga. Damu ilimchemka njia nzima. Sasa ndiyo angeandika! Angeandika kwa herufi kubwa, dunia yote ijue kwamba Namkuwi haichezewi, na huyo kijana hodari asome akiwa amekaa chini.

Alipoingia kafe, kiti chake kilikuwa na mtu. Mwanamke amejitanda kanga, ameinamia kibodi, anabonyeza kwa kidole kimoja kilichokolea weusi wa mafuta ya maganda ya korosho. Shafii alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hapo hapo, mama mkubwa. Bonyeza."

Mstari wa 1996 ukatoweka.

"Mama!"

Mwaisha hata hakushtuka. "Nilikuandikia uache. Husikii."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyewashinda! Unajifuta mwenyewe?" Machozi yalikuwa yakimlenga Latifa. "Katapila linakuja kesho, mama. Kwenye kaburi la baba!"

"Najua. Ndiyo maana nafuta." Mwaisha alijifuta vidole kwenye pindo la kanga, taratibu. "Akisoma kwamba wanawake walimfukuza mwenzake, atauliza walimfukuzaje. Akishajua, atakuja na askari wa kike. Mwache aje hajui kitu."

Latifa alikitazama kioo cha kompyuta. Baada ya 1974 palikuwa peupe.

"Na mimi?" aliuliza. "Si mlisema sikuchezwa?"

Mwaisha aliinuka, akamtazama binti yake kuanzia juu mpaka chini, kisha akatabasamu.

"Kesho utasimama kando yangu. Uje na kanga moja tu, mwanangu. Ndani usivae kitu."