Kidole cha Mwasiti

Ka. Mlio ulitoka chumbani, mdogo kama wa kokoto lililoanguka sakafuni. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Mwasiti aliuepua ugali, akachukua mshumaa, akaingia humo.

Mumewe, Shomari, alikuwa ameielekeza bastola ukutani. Kwenye klabu ya kulenga shabaha waliyojiunga pamoja mwezi uliopita, walipewa sharti moja la mazoezi ya nyumbani: mwenzako atie kidole cha mwisho pale risasi inapokaa, aseme "tupu", ndipo ufyatue.

"Umeanza bila mimi," Mwasiti alisema.

"Si nilijua iko tupu, mama Riziki. Haya, tia kidole, hakimu wangu."

Akakitia. Chuma kilikuwa baridi. "Tupu."

"Jumapili tunashindana, mume na mke. Usije ukaniangusha, majina yameshaandikwa."

Maneno aliyoyabeba wiki nzima yalikuwa kwamba hakitaki chombo hiki nyumbani mwake. Mwenyewe alitia saini mbele za watu, tena akicheka. Sasa angeanzia wapi?

Shomari aliifungia bastola ndani ya sanduku la chuma. "Geuka kwanza," akasema, akauficha ufunguo. "Hapo hata panya hafiki. Ondoa wasiwasi."

Mwasiti alikuwa bado anafuta kidole kwenye kanga, na mafuta ya bastola hayatoki, mlango uliposukumwa taratibu. Binti yao, Riziki, wa miaka minne, alisimama kizingitini amemkumbatia mwanasesere wake.

"Mama, ufunguo uko ndani ya kiatu cha harusi cha baba."