Masikio ya Baba

Moyo wa Loretta ulipiga paa alipoona wazee wa chama cha wanajeshi wastaafu wakiinua bunduki kando ya kaburi la baba yake. Nani aliwaambia wapige risasi?

"Mimi," kaka yake alinong'ona. "Baba alipigana vita, bwana. Hii ndiyo heshima yake. Keti."

"Umesahau Julai Nne?"

Kila Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mji mzima ulipotoka kutazama fataki, baba yao aliwashusha kwenye stoo ya chini ya nyumba, akawakaangia bisi, na milipuko ilipoanza akawaziba masikio kwa mikono yake mikubwa. "Msiogope, wanangu. Nipo hapa." Mikono ile ilitetemeka hadi vichwa vyao vikatikisika. Walikuwa watu wazima walipokuja kujua nani hasa alikuwa akiogopa.

"Tayari!" mkuu wa wazee akapaza sauti.

"Ngoja, mzee!" Loretta alikuwa ameshasimama.

Waombolezaji wote wakageuka. "Usitutie aibu," kaka yake alisema huku amekaza meno, akimvuta gauni. Mama yao akaupiga ule mkono.

"Mwache."

Loretta akaliendea jeneza lililofunikwa bendera. Akainama upande wa kichwani, akaweka kiganja kimoja kushoto na kingine kulia, akaibana mbao kwa nguvu zake zote.

"Usiogope, Baba. Nipo hapa."

Kisha akamwinulia macho mkuu wa wazee.

"Haya. Pigeni."