Mkojo wa Kondoo wa Kizimba cha Sita

"Mkojo huu umeukinga kwa nani, Ntate Lefa?"

Daktari Phakoe aliinua karatasi ya kupimia. Ilikuwa imegeuka kijani cha kutisha: protini tele.

"Kizimba cha sita, Daktari. Yule mwenye mimba."

Lefa, mlishaji wa kondoo ambaye kituoni walimwita Ntate, yaani baba, alisimama mlangoni. Nje kulikuwa na barafu, lakini yeye jasho lilimtoka.

Kituo hicho cha milimani kilichunguza figo za kondoo wenye mimba. Walipimwa mkojo kila asubuhi, hata Jumapili. Kliniki ya bondeni, ile ya watu, haikuwa na karatasi hata moja tangu Pasaka. Wakubwa waliamua wenye figo ni kondoo.

"Mwenye mimba mishipa ya figo hulegea, damu ipite nyingi," alisema Daktari. "Ya huyu imekaza. Figo zinakosa damu, presha inapanda."

Msaidizi wake, Refiloe, alikodolea macho mashine. "Mbona kile kipimo tulichomfunga kwenye mshipa kinaonyesha damu inapita vizuri?"

"Kimeharibika hicho. Amini mkojo."

"Na kama anaona vimulimuli?" Lefa aliuliza. "Na kichwa kinampasuka?"

Daktari akacheka. "Kondoo ndiye amekwambia? Wewe umelala nao sana zizini, bwana!"

"Kesho kondoo atamtuma sigara dukani," Refiloe akadakia.

Lefa hakucheka. "Niambieni tu. Anaponaje?"

"Anatolewa mtoto sasa hivi. Tukichelewa atashikwa na kifafa cha mimba, afe yeye na kilicho tumboni."

"Dawa ya hicho kifafa ipo?"

"Ipo ya kumtosha yeye na zizi zima. Maswali baadaye. Mlete!"

Lefa alitoka mbio.

Refiloe akafuta meza, akawasha taa kubwa. Daktari alivuta dawa kwenye sindano, akavaa glavu. Wakasubiri. Dakika zikapita.

"Anambembeleza au?" Daktari alifoka. "Lefa! Huyo mnyama anakufa!"

Mlango ukasukumwa na gurudumu la toroli. Lefa aliingia akihema, ameinamia mipini.

Ndani ya toroli, juu ya majani makavu, mkewe alikuwa ameshika tumbo la mimba kwa mikono miwili, na miguu yake ilikuwa imeanza kurukaruka.