Bwawa la Bwana Hapana

Jembe la kwanza la Bwana Hapana lilitua katikati ya vitunguu vya mkewe. Hakuomba radhi. Jana yake mezani mkewe alikuwa amesema, huku akipuliza chai, kwamba mabwawa ya kuogelea ni ya watu wengine, si ya watu kama wao. Asubuhi mzee akaenda dukani kununua jembe, sururu na koleo.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini alikaa nyuma ya dirisha namba tatu akirudisha fomu za watu: hii haina muhuri, hii mihuri imezidi. Alipostaafu hakubaki na mtu wa kumkatalia ila mkewe, fundi cherehani, naye akamkatalia kwa moyo wote. Mke akisema mapazia ya buluu, yatawekwa ya kahawia. Mwaka juzi alipomwomba amchimbie shimo uani, hakumwacha hata amalize kueleza ni la nini.

Bwawa lilikuwa jambo jingine. Bwawa lilikuwa lake mwenyewe. Aliapa mbele ya jirani yake, fundi bomba, kwamba siku atakayotimiza miaka sitini na tano ataogelea humo, na mtaa mzima usimame kwenye ua ushuhudie. Ukweli ni kwamba tangu astaafu alijiona kama kiti kibovu: kila mtu anakizunguka, hakuna anayekikalia. Alitaka, walau mara moja, neno lake lisimame.

"Mzee, hii kazi ina wenyewe," fundi bomba alimwambia. "Ngoja nikutafutie mafundi."

"Hapana."

Mkewe alikuwa na la kusema katika kila hatua. Cherehani yake ilikaa dirishani, ikitazama uani, na kila iliponyamaza mzee alijua kuna neno linakuja.

"Baba, ukichimba chimba kweli. Mita tatu, kama la hotelini."

Shimo lilikuwa limemfika mabegani. Akatupa koleo pale pale, na hakuchimba tena hata kijiko.

"Na bomba la kutolea maji huko chini usihangaike nalo. Tutachota kwa ndoo."

Akaweka bomba la inchi nne.

Siku ya vigae ndipo walipogombana hasa. Mke alitaka vyeupe, akaleta hata kimoja cha mfano. Mzee akasakafia saruji tupu. Ilipofika zamu ya dawa ya kusafisha maji, akatia vidole masikioni kabla mkewe hajafungua mdomo vizuri. Fundi bomba, aliyekuwa akifunga koki, alikuna kichwa.

"Mzee, hata mimi nasema tia dawa. Hili si ni bwawa la kuogelea?"

"Umetumwa na shemeji yako."

"Sijatumwa na mtu!"

Kule dirishani cherehani ilikuwa kimya. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame," mke alisema, bila kumwambia yeyote, akakata uzi kwa meno.

Kazi ilichukua wiki saba. Mgongo ulimuuma mzee hadi akawa anavaa viatu akiwa amelala chali. Alijikanda mwenyewe kwa maji moto, akijipinda mbele ya kioo, kwa sababu mkewe alikuwa amejitolea kumkanda.

Kisha akafungulia maji. Wiki ya kwanza yalikuwa meupe kabisa. Wiki ya pili yakawa ya kijani.

"Yamwage leo leo," mke alimwambia. "Aibu gani hii mbele za watu?"

"Hayamwagwi."

Siku yenyewe ikafika, na majirani wakajipanga kwenye ua. Mke alikuwa amemshonea kaptura nyekundu ya kuogelea. Mzee akatoka amevaa suruali yake ya ofisini, ameikata magotini. Akaingia, maji yakamfika kifuani, akavuta pumzi, akajitupa. Kuogelea hakujua sana. Alipiga maji makofi mengi kuliko aliyopigiwa na watu, na mara mbili akashika ukingo. Lakini alifika upande wa pili, akainua mkono, na mtaa ukalipuka kwa shangwe.

Mkewe alikuwa akishangilia kuliko wote. Machozi yalimtoka. Mzee alipoyaona, moyo ukamlainika. Maskini, leo amekubali kushindwa. Akaamua kwamba kesho atamkubalia jambo moja, dogo.

Ndipo gari la mizigo liliporudi kinyumenyume hadi getini. Akashuka kijana wa mabuti ya mpira, amebeba mfuko mkubwa wa nailoni uliojaa maji na hewa.

"Ile oda yako ya mwaka juzi, mama," alisema. "Vifaranga vya samaki, elfu moja. Ulisema tusubiri mpaka mzee amalize kuchimba."

Akachungulia bwawani. "Kina ni hiki hiki. Bomba la kutolea maji lipo. Dawa hamkutia, na rangi ndiyo yenyewe. Aliyejenga amefuata maelekezo yote. Ila siwezi kumwaga samaki kukiwa na mtu ndani."

Majirani wakamgeukia mzee. Mzee akashika ukingo kwa mikono yote miwili. Hatoki. Hata waite polisi, hatoki.

Mkewe alijifuta macho, akasogea ukingoni, akainama karibu na sikio lake.

"Tafadhali, mume wangu," alisema kwa upole, "usitoke. Kaa humo humo."

"Hapana!" alisema Bwana Hapana, na tayari alikuwa amesimama kwenye nyasi, akichuruzika maji.