Neno la Mtego

Msahihishaji alikigeuza kile kitabu mikononi mara tatu, pale pale mlangoni pa duka, watu wakimpita na kumsukuma. Macho hayakuwa yamemdanganya. Maneno Marefu ya Kiingereza Yenye Vokali Zote Tano, Pamoja na Maana Zake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zenye haya: Kimekusanywa na Jopo la Walimu.

Jopo gani tena? Jopo lilikuwa yeye! Miaka kumi na tisa ya kuokota neno moja moja, kila moja lenye herufi zisizopungua kumi, kila moja likibeba a, e, i, o na u tumboni mwake. Revolutionary, tambourine, hata uncopyrightable, kitu kisichoweza kulindwa na hakimiliki. Mfano wa neno hilo alikuwa ameutunga mwenyewe, kuhusu kicheko cha mama mkwe wake, nao ulikuwamo na nukta zake zote. Damu ikampanda kichwani.

Daftari la maneno hayo lilikuwa moja tu, na lilikaa nyumbani. Nakala nayo ilikuwa moja, kwa Mzee wa Nukta, mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji walikofanya kazi wote wawili. Ndiye aliyekuwa akimchapia maneno hayo kwenye kompyuta kila mapumziko ya mchana. Sasa hapo unamtafuta mchawi wa nini?

"Si nilikwambia?" mkewe alisema jioni hiyo. "Yule mtu anamchekea kila anayepita."

"Mama watoto, nilimsimamia harusi yake."

"Basi ndiyo malipo yenyewe hayo."

Msahihishaji aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu atoke dukani akatabasamu. "Lakini safari hii kanasa. Umeisahau quabellation?"

Hakuwa ameisahau. Ilikuwa Jumapili mchana, wamekaa barazani wawili tu, mume akimweleza kwamba watunga kamusi huchomeka neno moja la uongo katikati ya maneno ya kweli, ili mwizi akibeba kitabu abebe na ushahidi. Neno alilibuni yeye. Maana aliitoa mkewe, aliyekuwa akikoroga chai: mlio wa kijiko kikigonga ukingo wa kikombe. Walicheka mpaka chai ikapoa. Wakaapiana kwamba siri hiyo haitatoka pale, haitafika kwa watoto wala kwa kaka yake mkewe, yule mwalimu ambaye kila akija kuwatembelea hakosi kuuliza, "Shemeji, kitabu kinatoka lini?"

"Umeshaliona humo?" mkewe aliuliza.

"Sijafungua herufi Q. Nataka kuifungua mbele yake, nimwone uso."

"Na usipolikuta?"

"Nisilikute kwa nini? Mwizi atajuaje kwamba ni la uongo?"

Mkewe alikusanya vikombe akaenda kuvisuuza.

Asubuhi yake walisimama watatu ofisini kwa bosi, mlango umefungwa, mashine zikinguruma upande wa pili wa ukuta. Barua ya kumwachisha kazi Mzee wa Nukta ilikuwa tayari mezani, imebaki sahihi. Msahihishaji aliiona, na hakumhurumia hata kidogo.

"Kaka," Mzee wa Nukta alisema. "Kweli unanidhania mimi?"

"Usiniite kaka."

Akaeleza kuhusu mtego, taratibu, kama mtu anayeonja asali. Bosi alivaa miwani, akalamba kidole, akafunua kurasa.

"Putrefaction, kuoza. Quaternion, kundi la vitu vinne."

"Umeruka moja, mzee. Rudi juu."

"Sijaruka kitu."

Msahihishaji alimpokonya kitabu, adabu zote pembeni. Alikuwa ameishi kwa kazi ya kuona kilichopungua katika ukurasa, na hapa alikiona mara moja. Putrefaction ilikuwepo, na mfano wake wa samaki. Quaternion ilikuwepo. Katikati yao hapakuwa na kitu. Alitazama nyuma, akatazama mbele, akajaribu hata mwisho wa kitabu.

"Unatafuta lile la kijiko?" Mzee wa Nukta aliuliza. Aliinama kwenye mkoba wake, akatoa bunda la karatasi alizokwisha kuchapa, akalichambua. "Mbona kwangu lipo? Hili hapa. Nililipenda neno hili, mwenzangu! Nilimfundisha binti yangu, akalitia kwenye insha, mwalimu akamkata alama. Nikafunga safari mpaka shuleni kumgombeza yule mwalimu." Akaitazama tena ile karatasi. "Kumbe si neno?"

Hakuna aliyecheka. Bosi alilinganisha karatasi na kitabu, mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole. Kisha akaichukua ile barua akaichana vipande viwili.

"Huyu hakujua kwamba ni la uongo," alisema. "Aliyeiba alijua. Kalitoa hilo moja, mengine yote kayaacha. Sasa wewe, mtego wako ulimwambia nani?"

Msahihishaji aliketi bila kukaribishwa. Kitabu kilimponyoka kikaanguka sakafuni, na Mzee wa Nukta, aliyetukanwa dakika tano zilizopita, ndiye aliyeinama kukiokota.

"Mtu mmoja tu," msahihishaji alisema. "Aliyelitungia maana."