Dawa Iliyoponya Mtaa Mzima

Siku ya hitima Bi Shekha alimpa mkono kila mwanamke aliyeingia kumpa pole, isipokuwa mmoja: mkwewe Afiya, mama wa mtoto aliyefariki. Afiya alipomsogelea, bibi aligeuza uso akautazama ukuta.

Wanawake waliojaa kwenye majamvi waliona, wakajifanya hawakuona. Mambrui watu wana staha, bwana. Aibu ya jirani hufunikwa kama chakula cha wageni.

Mtoto ni Mahir, ndiyo kwanza alikuwa anaanza chekechea. Kilichomuua ni malaria. Na hapo ndipo palipomkaba bibi kooni, maana kama kulikuwa na nyumba moja Mambrui ambayo malaria haikuwa na ubavu nayo, watu walisema ni nyumba yake.

Bi Shekha alikuwa mganga wa miti shamba. Alichemsha mwarobaini na mizizi aliyoonyeshwa na marehemu mamake, mpaka sufuria ikatoa maji meusi, machungu kama shubiri. Mwaka jana akaja Daktari Cherop, mtafiti, mtu wa bara mwenye adabu zake. Akaamkia shikamoo, akakaa chini mkekani, akaeleza kuwa wanataka kuipima dawa ile. Wagonjwa wanaokuja kwa bibi kwa hiari yao watatobolewa kidole, ionekane kama damu ina malaria. Watakunywa dawa, kisha watapimwa tena. Atakayezidiwa atakimbizwa hospitali.

Bi Shekha alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Akawaambia majirani, "Miaka yote hii mwanitegemea. Wageni wakiiona dawa yangu ni maji ya kuoshea vyombo, uso wangu nitauweka wapi? Wallahi sitoki tena nje."

Majirani wakamwambia atulie, hataumbuka. Na kweli hakuumbuka. Ummi, wa nyumba ya pili, aliletwa akitetemeka meno yakigongana. Akanywa, akapimwa tena, damu safi. Akafuata mumewe, wakafuata na wengine. Kila mmoja Cherop alimuuliza kama amemeza kidonge chochote pembeni, na kila mmoja alijibu la bila kupepesa macho.

"Bibi, haya ni ya mwanzo tu," Cherop alionya. "Bado kuna vipimo vingi."

Lakini nani asikiaye "bado" naye anapigiwa vigelegele? Hata Maina, mwenye duka la dawa pale njiapanda, alimletea bibi sukari na majani ya chai kumpongeza. Bi Shekha akaona kijana huyu ana moyo: ameharibiwa biashara, na bado anacheka.

Kisha Mahir akashikwa na homa.

"Mama, tumpeleke Malindi," Afiya alisema siku ile ile.

"Malindi kuna nini? Mtaa mzima umepona kwa mkono wangu, mjukuu wangu akapone kwa mkono wa nani? Watu watasemaje?"

Afiya angefanya nini? Mumewe alikuwa Lamu kikazi, na yeye ni mkwe tu katika nyumba ya mwenyewe. Akawa anamnywesha mtoto, kikombe kwa kikombe, huku mtoto analia kwa uchungu wa dawa. Majirani walipita kumjulia hali, wakamwombea dua, wakaenda zao. Nyumba ya mganga haifundishwi dawa. Homa ikapanda, mtoto akaweweseka, mwisho akawa haitikii. Bibi mwenyewe ndiye aliyetoka mbio kichwa wazi kusimamisha tuktuk. Daraja la Sabaki, la kuingilia Malindi, hawakulivuka naye akiwa hai.

Tangu hapo Bi Shekha hakupata usingizi. Moyo ulimuuma hata akaona heri umuume na mwingine. Dawa imepimwa. Watu wamepona, na damu yao ni shahidi. Basi kama dawa haina kosa, mwenye kosa ni aliyeinywesha.

Masinia ya pilau yalipoondolewa, neno likamtoka.

"Uliimwaga," akamwambia Afiya mbele ya watu wote. "Mtoto alilia, ukamhurumia, ukaimwaga. Umeniulia mjukuu wangu."

"Alikunywa yote, mama. Naapa kwa Yule aliyemchukua." Afiya hakupaza sauti. Machozi yalikuwa yamemwishia siku jeneza lilipotoka.

Pembeni mtu alinong'ona kwamba mganga hajigangi. Bi Shekha akasikia, akazidi kupandwa na hasira.

"Mwanangu karudi kutoka Lamu, yuko nje na wanaume; akiingia utafungasha vyako," alisema. "Talaka yako nitaisimamia mimi mwenyewe."

Hapo Ummi akashindwa kuvumilia. Alisogea kwa magoti mpaka kati ya wawili wale.

"Bi Shekha, usimtwike lawama mtoto wa watu. Huenda alichelewa tu, na ajali haina kinga." Akamgeukia Afiya, akamshika mkono. "Hebu sema mwenyewe, mwanangu, wasikie. Vile vidonge ulianza kumpa lini?"

"Vidonge gani?" Afiya akauliza.

Ummi akawatazama wenzake. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

"Vya Maina," akasema. "Si ndivyo tulivyomeza sote, Bi Shekha asiaibike mbele ya wageni? Tulidhani humu ndani mwajua."