Mbeba Bendera

Mgeni aliyejitambulisha kuwa mtu wa utamaduni aliusifu mchoro uliojaza ukuta mzima bila kuutazama. Macho yake yaliganda kwa mwanamke mmoja tu, yule aliyebeba bendera mbele ya mashujaa wa uhuru.

Juu ya ngazi, mchoraji machale yakamcheza.

Mashujaa wale hawakuacha picha, ndiyo maana aliwaazimia nyuso za majirani. Mtaa mzima ulikuja kujitafuta pale. Kinyozi na kitambi chake akajikuta jemadari, na tangu siku hiyo hutembea kifua mbele. Bendera ilibebwa na dada yake mchoraji, aliyesimama juzi mkutanoni akauliza ni nani kauza uwanja wa watoto. Tangu hapo analala kwa watu, akijificha.

"Huyu alikufa zamani," mgeni alisema, akagusa kovu dogo juu ya nyusi, rangi ikiwa bado mbichi. "Kovu lake umelijuaje, fundi?"

"Nimebuni tu, mkubwa."

"Aa, tunataka kumtuza huyo uliyemwangalia ukachora."

"Sikumwangalia mtu."

Mgeni akatabasamu, akajifuta kidole kwa leso nyeupe, polepole, kama mtu asiye na haraka na lolote.

Mchoraji akachovya brashi kwenye rangi nyeusi. Mpako mmoja tu, na kovu lingezama.

"Kaka!" sauti ya kike ikaita nyuma ya ukuta. "Shuka, nimekuletea chai!"

Brashi ikaganda hewani, ikidondosha rangi.

Mgeni hakugeuka.

"Mwitikie," alisema.